Kaseti Tuliyoiacha kwa Saleh

Iko asubuhi moja ambayo hunijia bila kuitwa, Nadia mwanangu, na jana ilikuja kwa sababu yako.

Nilikuwa nimejilaza chumba cha pili, miguu inaniuma, nikakusikia unagombana na simu yako. "Nimelipa! Mi nimelipa!" Nikadhani umeibiwa. Mama yako Asha akaja kunieleza: zile filamu ulizonunua mtandaoni kwa pesa yako ya kusuka nywele, duka limezifungia. Wamekuandikia maneno mawili matatu, kwamba hawana tena ruhusa ya kuzionyesha, pole sana, basi. Ulilia hadi ukakataa chakula. Mama yako akacheka kidogo, akasema ni mambo ya watoto. Mimi sikucheka. Mimi ni dada yake mkubwa, kuna mambo niliyabeba yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na hili ni mojawapo. Kaa hapa. Sina pumzi ya kusema kitu mara mbili, nimechoka, nimechoka tangu zamani, kwa hiyo sikiliza, na hiyo simu uigeuze chini.

Wakati ule tulikaa mtaa wa Mutakura, na pale kwetu filamu zote zilikuwa kwa mtu mmoja, Saleh wa Video. Alikuwa na televizyo kubwa na mashine ya kuchezea kaseti. Sasa sikia namna tulivyokuwa tunanunua filamu. Unachagua kaseti yako, unalipa, Saleh anaandika jina lako ubavuni kwa kalamu nyeusi, halafu anairudisha kabatini. Ndiyo, kabatini kwake. Ungeipeleka wapi? Nani alikuwa na mashine nyumbani? "Kaseti iko yako," alikuwa anasema, "mi nakuchungia tu." Na kweli, Jumapili mchana ukija na watu wako, anaitoa, anakuwekea, hakulipishi kitu tena. Fundi wa magari wa mtaa wetu alikuwa na filamu zake za ngumi pale, akizitaja utafikiri anataja ng'ombe zake. Lakini kuomba uende na kaseti yako nyumbani ilikuwa ni kumwambia Saleh mbele ya watu kwamba humwamini. Hakuna aliyeomba. Adabu zetu, mwanangu! Tulikuwa na adabu nyingi mno.

Yetu haikuwa filamu ya ngumi. Ilikuwa harusi ya Shangazi Zainabu, dada ya baba, aliyeolewa mtaa wa Buyenzi watu wakiwa wameshamkatia tamaa, na hayo ni maneno yake mwenyewe. Baba alimlipa Saleh aje na kamera, ikawa ndiyo zawadi yake kwa dada yake. Na mama yetu, bibi yako ambaye hukumuona, mwanamke mpole, mtu wa kujibu "ego", ndiyo, na kuendelea na kazi yake, siku ile sijui alipandwa na nini. Alijifunga kitenge kiunoni, akaingia katikati, akaanza kumuimbia wifi yake na kumtania bwana harusi, kwamba anachukua mke asiyejua kusonga bugali. Kuna mahali anainua mkono mmoja, anazungusha kiganja, anapinda goti kidogo, na wanawake wote wanapiga vigelegele. Halafu anaiona kamera. "We Saleh, toa hiyo jicho yako hapa!" Anacheka, anajifunika mdomo.

Mama alikufa kwa homa, mvua zilizofuata. Asha alikuwa bado hajajua kusema vizuri. Picha ya maana hatukuwa nayo, ila ile ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Sauti yake na kicheko chake vilikuwa ndani ya ile kaseti, na kaseti ilikuwa kwa Saleh. Ikifika Jumapili baba ananiambia, "Muvalishe mutoto viatu," tunakwenda. Yeye anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi namnong'oneza Asha: huyo ni mama, ukikua nitakuleta umuone vizuri, umsikie. Hiyo ilikuwa ahadi yangu kwake.

Halafu ikaja vita. Sitaki kukuelezea vita, wengine wataeleza, mimi sina nguvu hiyo. Mtaa ulianza kuhama, leo nyumba hii, kesho ile, na asubuhi moja ikawa zamu yetu. Tulibeba godoro, sufuria, cherehani ya mama, na Asha mgongoni kwangu. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Saleh, na Saleh mwenyewe alikuwa amesimama getini anapiga mswaki.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya chini, "tuchukue kaseti."

Hakugeuka. "Nyamaza. Nikimuomba leo ni kumuambia hatutaonana tena."

Basi wakasalimiana. Wallahi walisalimiana! Risasi zinasikika kule ng'ambo, wao wanaulizana habari za watoto, habari za kazi, habari za maumivu ya mgongo. Saleh akaliona godoro letu, akajifanya hajaliona. "Mungie munywe chai," akasema. "Apana, tunafika tu Buyenzi kwa dada," baba akajibu, "tutarudi." Saleh akasema inshallah. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nyuma yake, na kabati nililiona pale nilipokuwa nimesimama. Lakini msichana wa wakati ule haongezi neno juu ya neno la baba yake. Tukapita.

Shangazi Zainabu alitupokea mlangoni kwake. Akatutazama mmoja mmoja, akatazama mizigo, akaishika cherehani ya mama. Halafu akamuuliza baba, "Na wifi yangu? Mumemuacha wapi?"

Baba alimuelewa upesi kuliko mimi. "Kaseti iko kwa Saleh. Haipotei."

"Kwa Saleh."

"Saleh ni mutu muzuri, Zainabu."

"Najua ni muzuri! Mi nimesema ni mubaya? Watu wazuri hawahami? Hawafi? Umelipa kintu, mutu mwingine ndiye anafunga, ndiye anafungua, halafu unaita yako. Yako namna gani? We ulinunua ruhusa ya kupiga hodi, basi. Na leo umeona haya hata kupiga hodi."

Shangazi alikuwa na mdomo, Buyenzi nzima ilijua, lakini siku ile hakupiga kelele. Alisema huku anafungua kamba za godoro letu, bila kumtazama baba. Baba aliketi juu ya sufuria iliyogeuzwa. Nilimuonea huruma na nilimkasirikia, yote mawili pamoja.

Shangazi alisema kweli. Baada ya majuma machache Mutakura haikupitika tena kwa watu kama sisi. Vijana waliweka bariyeri, na ukifika pale unaulizwa wewe ni wa nani na unatafuta nini. Saleh naye akaondoka, akavuka mpaka kwenda Uvira. Hakutudhulumu, usifikiri hivyo. Alimtuma muuza samaki wa ndagala mmoja aje atuambie kwamba kaseti zote ziko salama, kabati amelifunga vizuri, ufunguo anao. Salama! Ufunguo uko Uvira, kabati liko Mutakura, sisi tuko Buyenzi.

Asha akakua. Akaanza kuniuliza, mama alikuwa anacheka namna gani? Nikawa najaribu kumuigiza, naona mwenyewe si hivyo, naacha. Kila mara namwambia subiri, vita ikiisha nitakupeleka. Mtoto akaizoea ile ngoja ngoja yangu.

Hali ilipotulia kidogo, baba, ambaye sasa alikuwa anatembea pole pole, aliniambia, "Twende." Nyumba ya Saleh ilikuwa bado na bati lake. Ndani kulikuwa na familia nyingine, watu wa mtaa wa Gasenyi, waliofukuzwa kwao kama sisi kwetu. Mama mwenye nyumba alitusikiliza, akatupatia viti, akaingia chumbani, akatoka na katoni. Kabati walikuwa wamelivunja wakapata kuni, alisema bila kuficha, lakini kaseti hawakuzitupa. Na humo, mwanangu, ubavuni, kwa kalamu nyeusi, jina la baba. Nilipiga kelele ya furaha hadi watoto wa watu wakashtuka. Baba alivua kofia yake, akaitia kaseti ndani, akaibeba hivyo mpaka Buyenzi, kichwa wazi juani.

Jirani wa Shangazi alikuwa na mashine. Mchana ule ule tukakaa wote: baba, Shangazi, mimi, na Asha mbele kabisa, amechanwa nywele na kuvalishwa gauni lake la Idi. Kaseti ikaingia, ikakwaruza, picha ikaja. Mpira. Watu wanacheza mpira, mtangazaji anasema Kifaransa mbio mbio. Mtu alikuwa amerekodi mpira juu ya mama yangu. Na simlaumu, nani angemwambia? Kwake kaseti ni kaseti. Baba akasema tusiguse, tungoje, labda mwishoni kumebaki kitu. Tukangoja mechi nzima. Asha hakusogea. Na kweli mwishoni kulibaki kipande: viti vinapangwa, sahani zinakusanywa, mtu anafukuza mbwa. Mama hayumo. Halafu chengachenga tu.

Sitakudanganya, nililia kwa hasira. Nilililia lile geti tulilosimama mbele yake tukiulizana habari za mgongo.

Asha akatugeukia. "Basi sitamuona?" Hakulia, alitaka tu kujua.

Shangazi Zainabu akainuka. Alikuwa mnene siku hizo, magoti yake mabovu kuliko haya yangu. Akajifunga kitenge kiunoni, akasimama mbele ya ile televizyo. "Mama yako aliingia hivi," akasema. "Akaja hivi. Akapinda goti hivi." Akainua mkono wa kuume, akazungusha kiganja.

"Apana," baba akasema.

Tukamtazama sote. Tangu tuondoke Mutakura hakuwahi kusema chochote juu ya mama.

"Si wa kuume. Wa kushoto." Akasimama, mzee yule, kofia bado iko mkononi, akainua mkono wake wa kushoto na kuzungusha kiganja taratibu. "Hivi. Na kichwa anakilaza kidogo."

Shangazi akamfuata. Asha akawafuata wote wawili. Wakarudia, wakarudia, hadi mwenye nyumba akawasha jiko lake na sisi bado tuko pale. Mwisho Asha akauliza, "Na sauti?"

Shangazi alifungua kitenge, akakaa chini. "Kucheza naweza kukupa, mutoto wangu. Sauti apana. Sauti imekwenda."

Basi, Nadia, ninachotaka ushike ni hiki. Kitu ukikilipia, usiondoke kabla hakijawa mkononi mwako. Uliza mapema: naweza kwenda nacho? Ninyi mkifunga, mimi nabaki na nini? Wakikujibu maneno matamu, jua unanunua ruhusa ya kupiga hodi. Ukitaka inunue, si dhambi, lakini usiite yako, na usiweke humo kitu ambacho ukikikosa utaumia. Na usione haya kudai kilicho chako, hata kwa mtu mzuri, kwa mtu mzuri ndiyo zaidi. Saleh angetupatia ile kaseti, naapa, angetupatia na chai juu yake. Tena sisi tulikuwa na Saleh na geti lake. Duka lako wewe halina hata mlango wa kugonga.

Na kile usichoweza kubeba, kitie mwilini wakati bado unakiona. Niliiangalia ile kaseti Jumapili nyingi, mwanangu, na ule wimbo wa mama sikujifunza hata nusu. Niliona haina haraka, si uko kabatini?

Wewe na binamu zako huwa mnamcheka mama yako kwenye harusi, wanawake wote wanainua mkono wa kuume, yeye peke yake wa kushoto. Mnasema Asha anakosea. Hakosei. Harusi ijayo simama nyuma yake, na wewe uinue huo huo.

Mungu akupe vitu vichache vilivyo vyako kweli, akuachie na mikono ya kuvibeba, na siku ya kuhama usikute umeviacha nyuma ya mlango wa mtu. Amina. Haya, nishike mkono niinuke, twende ukale.