Kabati la Dawa

Gerezani walimwita Mbavu, kwa sababu siku aliyoletwa ungeweza kuzihesabu mbavu zake ukiwa getini. Unga wa kulevya ulikuwa umemla akabaki mifupa. Kabla ya hapo alikuwa seremala, tena si seremala wa kubabaisha. Aliuza randa, akauza msumeno, na vya kwake vilipokwisha akaanza kuuza milango ya watu ikiwa bado kwenye bawaba. Hiyo milango ndiyo iliyomfunga.

Dawa ya kuachia unga aliipata humo humo ndani. Anayetaka kucheka na acheke: miaka minne alihangaika nje asiipate, akaja kuipata nyuma ya ukuta. Dirisha la zahanati lilifunguliwa saa mbili asubuhi, nusu saa tu. Muuguzi alimpa kikombe kidogo cha dawa ya maji, na kidonge cha kuzituliza sauti zilizokuwa zikimtukana kichwani. Ameze, afungue mdomo, ataje jina, aende zake. Baada ya miezi saba mikono iliacha kutetemeka. Dada yake alipomtembelea alimkazia macho, machozi yakamlengalenga. "Kaka, umerudi," alisema.

Sasa sikiliza upuuzi wa wakubwa. Wakaguzi wa afya wanakuja, na zahanati haina kabati la kufungia dawa. Maboksi yamejazana chini ya meza. Kabati likatakiwa kwa siku tatu. Fundi nani? Mbavu.

"Afande, dakika kumi tu nikanywe dawa," alimwomba askari wa karakana.

"Saa mbili ndiyo hesabu yangu ya wafungwa. Ukitoka, hesabu inapungua. Utakunywa kesho."

"Hata jana ulisema kesho."

"Wewe fundi au wakili?"

Siku ya kwanza alipiga miayo na kutokwa kamasi. Siku ya pili arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ikamsokota tumbo, akapiga randa huku ameuma kitambaa. Siku ya tatu sauti zikarudi, na matusi mapya. Bawaba ya mwisho aliikaza analia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Wapo watakaosema ng'ombe wa maskini hazai. Huyu alizaa, wakaja wakamchinjia ndama.

Siku ya nne yeye na mfungwa mwenzake walilibeba kabati mpaka zahanati. Akalitua, akanyoosha mkono apewe kikombe. Muuguzi akafungua daftari.

"Umefutwa. Ukikosa siku tatu, umekataa dawa kwa hiari yako. Weka saini hapa."

"Nimekataa? Dada, nilikuwa karakana! Kwani hili kabati limejitengeneza?"

"Najua, kaka. Sheria sikutunga mimi. Omba upya, ni wiki sita."

Wiki sita! Damu ilimchemka. Zamani angempiga mtu, na ngumi tayari alikuwa ameikunja. Akaikunjua, akachukua kalamu, na penye saini akaandika kwa zile herufi kubwa za kuandikia vipimo kwenye mbao: SIKUKATAA. NILIKUWA NATENGENEZA KABATI LENU.

"Umeniharibia daftari!" muuguzi alipiga kelele. Kurasa zilikuwa na namba, hakuna wa kuchana.

Papo hapo mkuu wa gereza akaingia na wakaguzi, anasifia kabati utadhani amelipiga randa yeye. Mama mmoja mkaguzi alijaribu kufuli, akasema kazi ni nzuri. Kisha akalivuta daftari, akavaa miwani, akasoma. Akarudia kusoma. Halafu akamwangalia yule mfungwa aliyelowa jasho.

"Huyu amekunywa dawa leo?"

Mkuu akamtazama askari, askari akamtazama muuguzi, muuguzi akatazama sakafu.

"Siku ya nne hii, mama," Mbavu akajibu mwenyewe. "Ila kabati nimelimaliza."