Mboga ya Mama, Chumvi Yangu

Kahawa mbichi inapomenywa, maganda yake mekundu hutoa harufu tamu iliyochacha, kama togwa iliyosahauliwa mtungini, na harufu hiyo ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ukizifua kwa maji yote ya Ziwa Nyasa. Kwetu Mpepai, msimu wa kahawa ulinuka hivyo kuanzia jikoni hadi kanisani. Padri alifukiza ubani mpaka tukakohoa, lakini maganda yakamshinda. Nilikuwa na miaka kama minane hivi. Baba alichuma, mama alichuma na kumenya, na mimi, Skola, nilikuwa na cheo ambacho sidhani kama mkuu wa wilaya alikuwa na kikubwa kuliko hicho: nilikuwa mtia chumvi.

Nieleze. Kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atawasha moto, atasonga ugali, atapakua, lakini chumvi haigusi, maana wazee walisema watakaokula mboga hiyo watakohoa mpaka mbavu ziachane. Basi huitwa binti mdogo ambaye bado hajavunja ungo. “Skola, njoo!” mama aliita, wala hakusema njoo ufanye nini. Nilichovya vidole kwenye kopo, nikanyunyiza, mama akiniongoza kwa macho tu: bado, bado, basi. Baba akionja alisema, “Leo imekolea,” akaendelea kula. Kwa hiyo nyumba nzima ilijua kwamba mama yuko mwezini, na hakuna aliyelitamka. Ilikuwa siri iliyowekwa katikati ya mkeka, tukaila wote na kunawa mikono.

Maumivu yenyewe sikuyajua. Niliona dalili zake, nikazitafsiri kitoto. Mama alikuwa na jiwe bapa la mtoni ambalo alililaza kwenye majivu ya moto, akalifunga kwa kitambaa na kulibana tumboni chini ya kanga, kisha akatoka kwenda shambani akiwa amelibeba kama mjamzito wa mlima. Wakati mwingine nilimkuta chumbani mchana kweupe, amepiga magoti, paji la uso liko juu ya godoro, ameng’ata ncha ya kanga. Nikajua anasali. Nikatangaza shule nzima kwamba mama yangu husali kuliko masista wote wa jimbo, na kwamba akifa atachongewa sanamu. Kumbe ni chango, lile tumbo la kike, lilikuwa likimkamua kama mtu anavyokamua shuka la maji. Likimwachia, alifuta jasho, akanywa chai ya tangawizi, akarudi kushika mpini wa mashine ya kumenyea kahawa, mashine ambayo, wallahi, ilikuwa nzito kiasi kwamba ng’ombe angeomba ruhusa.

Msimu ule mwito wa chumvi haukukoma. Zamani niliitwa siku chache, kisha cheo kikapumzika mpaka mwezi mwingine. Safari hii niliitwa kahawa za kwanza zilipoiva, nikaitwa zilipofurika, nikaitwa hata zilipoanza kuisha mitini. Mimi furaha tele! Nilidhani nimepandishwa daraja na sasa jiko ni langu. Sikujiuliza kwa nini mama akipanda mteremko wetu alisimama kila baada ya hatua kadhaa na kujifanya anatazama mandhari. Mandhari gani, na amezaliwa hapo hapo?

Ndipo akaja mama mdogo Editha, mdogo wake mama, aliyeolewa Lituhi, kule ziwani. Alikuja na kikapu cha usipa, wale dagaa wetu wadogo wa Nyasa, wakavu na wanaong’aa kama sindano, na kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake. Jioni usipa wakawa wanachemka na nyanya, mama akaita, “Skola, njoo!”

“Haya, mpishi mkuu,” mama mdogo akanitania, “leo umepata kibarua?”

Nikajibu kwa maringo: “Leo tu? Mimi natia kila siku, mama mdogo. Tangu kahawa zilipoanza kuiva. Mama hagusi tena chumvi, jiko ameniachia mimi moja kwa moja.”

Kicheko kikakatika.

“Huyu mtoto ana maneno kama kasuku,” mama akasema, akikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Mama mdogo hakunitazama mimi. Alimshika mama mkono, akageuza kiganja chake kwenye mwanga wa moto. Kilikuwa cheupe kama ugali. “Dada,” akasema polepole, “msimu mzima?”

“Ni uchovu tu. Kahawa ikiisha nitapumzika.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Unakisubiri kikuumbue mbele ya huyu?” Akaninyooshea kidole, na hapo ndipo nikavificha vidole vyangu vya chumvi nyuma ya mgongo. Kumbe cheo changu kilikuwa kinahesabu kitu ambacho sikukijua, na kitu chenyewe kilikuwa damu ya mama yangu.

Mama mdogo akatoka uani alikokuwa baba. Kwa kawaida shemeji huzungumza na shemeji yake kwa utani na staha, lakini siku hiyo staha ilibaki jikoni. “Shemeji, umekula chumvi ya mtoto msimu mzima. Hukushangaa?”

“Niliona,” baba akasema. “Nikadhani mnamfundisha kazi.”

Asubuhi mama alileta ubishi kwamba kahawa iko vichanjani, ikilowa itaoza. “Kahawa ina miguu itoroke?” mama mdogo akamkata. Baba akampakia mama kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye mteremko kama anayebeba yai la Papa, mpaka barabarani kwenye gari la kwenda hospitali. Nilibaki na shangazi wa jirani. Habari zikatufikia: damu imepungua mno, kuna uvimbe kwenye kizazi, lazima utolewe. Niliomba rozari mpaka shanga zikapata joto. Nilikuwa naogopa kwamba yule niliyemtabiria sanamu atakuja kuchongewa kweli.

Kahawa yetu haikuoza. Wanawake wa kitongoji walikuja ngokela, ule utaratibu wetu wa kulimiana na kuvuniana kwa zamu, wakajaa shambani. Mimi niliokota punje zilizodondoka chini ya miti, na juu yangu maneno yakaanza kudondoka pia. Sijui nani alianza. “Mimi hutapika siku ya kwanza, sioni hata njia.” “Afadhali wewe. Mimi mgongo hukatika, nikainama palizi kuinuka siwezi, naendelea tu nimeinama wanisifu kwa bidii.” Wakaangua kicheko. “Mimi hulia bila sababu, mume anauliza nani amekufa.” “Na mimi maziwa yanauma hata blauzi ni adui.” Nikainua kichwa. Nikawatazama wale mama, huyu aliyenibatiza, yule muuza maandazi, yule aliyechimba peke yake mashimo ya ngolo, kile kilimo chetu cha vishimo vya mteremkoni, yaliyofunika kilima kizima, nikajiona kama mtu aliyeambiwa kwamba milima hii yote imesimama juu ya migongo. Wote hawa? Kila mwezi? Na ndoo kichwani? Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mdomo ulibaki wazi mpaka mdudu akaingia.

Mama alirudi maganda yakiwa yamekauka, amekonda kama ufito, lakini viganja vyake vina rangi. Baba alikuwa amemchangia damu, akawa anajigamba kwamba ubishi wote wa mama sasa unatoka kwake. Jioni mama akainjika mboga. Nikakaa karibu na jiko nikisubiri. Hakuniita. Akafungua kopo mwenyewe, akatia, akaonja. Sijawahi kufurahi namna ile kufukuzwa kazi.

Mengine nimekuja kuyajua ukubwani, kwenye masomo ya jioni pale Mbinga mjini, mwalimu akichora kizazi ubaoni na sisi watu wazima tukiinamia madaftari kwa haya. Siku hizi binti yangu anajifunza hayo mchana, darasani, na wavulana wakiwepo. Ana vidonge vyake vya maumivu, ana chupa ya maji ya moto, na tumbo likimshika hata majirani wa mtaa wa pili wanapata taarifa. Nami sisemi anadeka. Namsikiliza huku nikistaajabu kwamba mama alibeba hayo yote kwa meno na ncha ya kanga.

Lakini anayenistaajabisha zaidi ni mama wa leo. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, amekaa kwenye benchi, binti wa jirani akapiga goti. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Na tumbo je, mwezi huu?” Kwa sauti ile ile ya kuitia watu ng’ambo ya bonde. Wanaume wa kwaya wakaanza kukagua viatu vyao.

Binti akatazama huku na huku. Kisha akajibu bila kushusha sauti: “Limeuma sana, bibi. Na damu haijakata.”

Mama akasogea akampa nafasi. “Basi kaa hapa. Kesho tunaenda wote hospitali.”