Kutoka Nairobi Bila Maiti

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kochi langu pale mtaa wa Olympic, miguu yake iliyovimba ameiweka juu ya mto, aliposema, "Unajua mimi sijawahi kutoka Nairobi bila maiti?"

Nilikuwa nikipiga pasi sweta za mitumba za kwenda kuuza soko la Toi. Nikamwambia aache kutia chumvi. Nikamkumbusha harusi ya binamu yetu kule Mwala. Akasema harusi ile yeye alikuwa na mtihani, tukamwacha nyumbani na funguo na mkate. Nikamtajia hili na lile, akayapangua moja moja. Baba tulimpeleka Kitui kwa basi la kukodi. Mama vilevile, na nyanya. Jirani yetu wa zamani wa Kibera, mtu wa Busia, tulimsindikiza usiku kucha kwa sababu mkewe alikuwa rafiki ya mama. Kila mara mdogo wangu alipoona milima, au ng'ombe wengi mahali pamoja, mbele yake kulikuwa na gari lenye utepe mwekundu. Nikajaribu kuzikumbuka safari zangu mwenyewe, kisha nikageuza sweta na kuendelea kupiga pasi.

Ndivyo tulivyo wengi wetu. Nairobi tunaishi, nyumbani tunarudisha watu. Kikundi cha ploti kinachangisha, basi linakuja, tunaimba njia nzima, tunazika, tunakula wali, tunageuza. Hakuna anayesema dereva simama tuangalie pale. Utaangalia nini na mtu yuko kwenye sanduku?

"Nipeleke mahali," akasema. "Mahali hatujui mtu."

Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kabla ya hapo alikuwa msusi Kawangware 56, kwenye saluni aliyoshirikiana na wanawake wawili, na mdomo wake ulijulikana hadi stejini. Sasa Jumanne na Ijumaa alikuwa wa mashine ya kusafisha damu, na siku zilizobaki alikuwa wa kulala. Kwa hiyo popote tutakapokwenda, ilikuwa lazima pawe pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Halafu kulikuwa na mambo ya maji. Daktari alimpimia chupa ya nusu lita kwa siku, na ndani yake ahesabu chai na supu. Mtu aliyezoea kunywa maji kwa jagi! Alikuwa akinyonya kipande cha barafu macho ameyafumba, nami nilijificha jikoni kunywa maji yangu.

Jirani yangu mmoja anasambaza mayai kwa Probox. Nilipomweleza, alikubali kabla sijamaliza, akatandika blanketi kwenye kiti cha nyuma. Ni mtu wa maneno machache, na mayai yamemharibu: hata gari likiwa tupu, tuta analipanda kama mtu anayenyata. Nyuma yetu watu walipiga honi na kututukana. Mdogo wangu, ambaye barabara mbovu ilimuumiza mgongo mzima, akamwambia, "Bro, wewe endesha hivyo hivyo. Leo yai ni mimi."

Siku ya kwanza alitupeleka Kona Baridi, baada ya Kiserian, pale barabara ya Magadi inapoanza kuporomoka. Upepo wa pale hauna adabu. Nilimvika sweta mbili na kumkalisha juu ya jiwe. Chini yetu nchi ilikuwa imejilaza kavu, vilima nyuma ya vilima, wala hakukuwa na mtu aliyekuwa akitungoja huko. Nilidhani atafurahi. Alikasirika.

"Kumbe hii yote ilikuwa hapa," akasema, "na sisi tuko pale tunapigania kamba ya kuanika nguo."

Hata mimi nilikuwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Siku ya pili tulikwenda Ondiri, kule Kikuyu, karibu kabisa na Kawangware, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Ni kinamasi. Matete yameota juu ya maji, na ukikanyaga pembeni ardhi inatikisika kama godoro. Nilimuuliza kama kweli anataka kwenda kuangalia maji, na kiu yote ile. Akasema kuona hakujakatazwa. Akasimama pale amenishika bega, akijibembeza kidogo ardhi ikimfuata, akacheka hadi akakohoa. Usiku ule nililia. Nilijua kwamba nimeanza kuzipenda siku hizi, na kwamba zina mwisho.

Ya tatu ilikuwa Kyamwilu, nje kidogo ya Machakos mjini. Wakamba wote tumepasikia, mahali ambapo vitu hupanda mlima vyenyewe, lakini kupasikia na kufika ni mambo mawili. Tulipofika, hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Ni barabara tu yenye mteremko, na mama mmoja anauza maembe chini ya mwavuli. Jirani yangu akasimamisha gari, akazima moto, akaweka gia nyutro, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeshikwa na polisi. Probox ikaanza kupanda. Polepole, bila moto, ikapanda.

"Wee!" mdogo wangu akapiga kelele. "Rudi tena! Rudi!"

Tukarudia hadi jirani yangu akaanza kutoa jasho. Mama wa maembe akatuambia zamani wanaume wawili walizikwa huku na huku ya barabara, na wao ndio wanaovutana. Mdogo wangu akanitazama.

"Ona sasa. Hata hapa kuna maiti."

"Turudi basi?"

"Hapana. Hao wana wenyewe, si wetu."

Akashuka. Kwenye mkoba alikuwa na chupa yake ya siku, na alikuwa ameipiga mafunda mawili tu tangu asubuhi, nilimwona. Akaifungua, akainama kwa shida, akaimwaga yote kwenye lami. Nilipiga ukelele. Maji yakasitasita, halafu yakashika njia ya juu, mfereji mwembamba, yakipanda huku yakikauka. Aliyafuata hatua kwa hatua mpaka yakaisha.

"Wewe ni mwendawazimu?" nikamwambia. "Utakunywa nini mpaka kesho?"

"Nimeyashinda leo," akasema. "Niache."

Tulirudi midomo yake imekauka, naye ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Tukipita Kyumbi, akaniambia akiwa anatazama nje, "Siku yangu ikifika, mkinipeleka Kitui, msinipitishe hii njia. Nipitisheni Thika na Matuu. Hii ya Machakos muiache vile iko."

Nilimwambia anyamaze. Jirani yangu akajifanya anatafuta stesheni ya redio.

"Sitaki ikuwe njia ya matanga," akasema. "Nimepata moja tu."

Alifariki Ijumaa, kwenye mashine. Nilikuwa Toi nafungua robota la mitumba. Simu ilipigwa, nikasikiliza, nikasema sawa, nikaendelea kutundika sweta kwenye hanga, moja baada ya nyingine, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akanishika mikono.

Kamati ya mazishi ilikaa kwangu. Kila kitu nilikubali: picha ya tangazo, wimbo, rangi ya leso. Ilipofika kwa njia, nikasema tutapitia Thika. Baba mdogo, ambaye amewazika watu wetu wote na anajua kila mzunguko wa barabara ya Machakos, akaniuliza kwa nini tuzunguke na maiti kwenye jua.

"Ni yeye alisema," nikamjibu.

"Mgonjwa husema mengi. Maiti haijui njia."

"Mimi najua."

Akaanza kunieleza upya, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nikasimama nikamwambia mbele ya wote kwamba gari lolote likiingia barabara ya Machakos na dada yangu ndani, nitalala mbele ya magurudumu. Mmoja wa wale wanawake wa saluni, ambaye hakuelewa chochote, akasema, "Si mumpatie tu hiyo Thika yake." Baba mdogo akavaa kofia yake.

Tukapitia Thika. Jua la Matuu lilituchoma, basi likapata pancha baada ya hapo, na kila aliyeshuka kukaa kivulini alinitazama vibaya. Walikuwa na haki. Tulimzika kando ya mama alasiri, tukalala kwa jamaa.

Asubuhi nilirudi kwa Probox, ambayo ilikuwa imelifuata basi la maiti, pamoja na wale wanawake wawili wa saluni. Jirani yangu akawasha gari, akaniuliza bila kunitazama, "Tupitie wapi?"

Nikashuka. Nikaufungua ule utepe mwekundu kwenye kioo cha pembeni. Fundo lilikuwa limekaza, hivyo ilichukua muda. Nikautia kwenye mkoba, nikapanda.

"Machakos," nikasema.

Tulipokaribia mjini, jirani yangu akakata kona bila kuniuliza. Mama wa maembe hakuwepo siku ile. Jirani akasimamisha gari palepale, akaweka nyutro, akainua mikono. Gari likaanza kupanda. Wanawake wa saluni wakashikana, wakapiga kelele, wakacheka, halafu wakakumbuka tumetoka wapi wakaziba midomo.

"Chekeni," nikawaambia. "Hapa alicheka sana."

Mmoja akafungua dirisha akatoa kichwa, akaangalia lami, vichaka, mteremko. Yeye ni wa Vihiga, na ninaamini naye njia zote anazozijua anazijua kwa kusindikiza watu. Akanigeukia, sauti ameishusha kwa heshima.

"Na huku mlikuwa mmekuja matanga ya nani?"

"Hakuna mtu alikuwa amekufa," nikamwambia. "Tulikuja kutembea tu."