Piga au Waache

Mimi ni mtu wa ndani. Niliomaliza nao kidato cha nne walikimbilia machimboni, kila mmoja na sururu yake. Mimi nikakimbilia chumba changu cha kupanga pale Nyamisangura, nikawasha jiko nikabandika chai. Watu walitajirika, wakafilisika, wakatajirika tena, mimi bado niko na kikombe kilekile. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule hakuna aliyekasirika kunizidi Tarime nzima, na kwamba kilichonikasirisha ni gemu la kwenye televisheni, mcheke tu. Nimeshazoea.

Ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa kibanda cha gemu. Mwenye kibanda, mzee wa Tanga aliyekuja kwetu kuuza vitambaa, aligundua kwamba vijana wanaoshuka kutoka machimboni hawataki vitambaa. Wanataka kuua watu wa kwenye nyota. Akawanunulia gemu la vita ambalo kila baada ya mapigano husimama na kukuuliza maswali: umsaidie huyu au umwache, useme kweli au udanganye. Ukijibu hivi hadithi inaenda huku, ukijibu vile inaenda kule. Tatizo, maswali yenyewe ni ya Kiingereza. Basi nikisikia ngumi ukutani najua naitwa.

"Dada! Njoo, limeanza maneno yake!"

Natafsiri, wanapiga kura kwa kelele, aliyeshika kontrola anabonyeza. Hiyo ndiyo faida pekee ambayo elimu yangu imewahi kuipatia jamii.

Siku ninayoisema, kontrola alikuwa nayo mdogo wangu. Wiki hiyo tajiri mmoja mwenye mashimo yake upande wa Matongo alikuwa amemwita akamlindie rundo la mawe ya dhahabu. Atapewa buti, rungu na mshahara. Waliokuwa wakiliibia rundo hilo tulikuwa tunawajua, na mmoja wao ni mtoto wa mama yetu mdogo, aliyelelewa na mama yetu, akala nasi sinia moja tangu hajaota meno ya mbele. Mama alisema neno moja tu: "Utamlinda nani dhidi ya nani?" Tajiri alitaka jibu Jumatatu.

Huyo binamu naye alikuwepo kibandani, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi, gunia lake amelikunja amelikalia.

Kwenye gemu, mdogo wangu alikuwa askari analinda mgodi kwenye sayari nyekundu. Wakatokea watu wamevaa viraka, wanapumulia mipira ya kupitishia hewa, wamebeba mifuko ya mawe ya bluu. Picha ikasimama. Chini ukatokea mstari mweupe, unapungua taratibu.

"Kamanda wako anasema wapige," nikasoma. "Unaweza kupiga, au kuwaacha wapite. Huo mstari ukiisha, muda umeisha."

"Ukipiga unapewa nini?" mmoja akauliza.

"Haijaandikwa."

"Bunduki mpya," akasema mzee wa Tanga, anayejua biashara yake. "Ya mwanga. Inatoboa ukuta."

"Piga!" kibanda kizima. Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya binamu yangu. "Piga, mura! Wezi hao!"

Nikageuka. "Wewe, unajisikia unavyosema?"

"Dada, hao ni wa kwenye nyota. Hata pua hawana."

Wakacheka. Mdogo wangu akabonyeza. Watu wa mipira wakaanguka mmoja baada ya mwingine, bunduki ya mwanga ikapatikana, vijana wakapigana makofi ya mgongoni kama wameoa wote siku moja.

Basi gemu likawasubiri. Mbele kidogo askari akaishiwa hewa, akaenda mjini kununua. Mlango wa kwanza ukafungwa. Wa pili ukafungwa. Mama mmoja muuza hewa akamtazama, akampa mgongo. Askari akafa barabarani, bunduki yake nzuri mkononi.

"Limetuonea!" wakalia. "Mzee, gemu lako bovu!"

"Mmeua ndugu zake," nikasema, "halafu mlitaka awauzie hewa na nyongeza juu?"

Nikarudi chumbani nikabamiza mlango. Mlango wangu haufungi vizuri, kwa hiyo nilibamiza mara tatu.

Mdogo wangu akanifuata, anatabasamu. "Yaani umeikasirikia televisheni?"

"Nimekukasirikia wewe. Jumatatu utamjibu nini tajiri?"

Tabasamu likapotea. "Dada, nikikataa ataweka mtu wa mbali asiyemjua ndugu yetu. Mimi angalau nitampiga kidogo."

Kidogo! Nikamuuliza kidogo ni wapi, gotini au kichwani. Nikamrushia mwiko. Ulimkosa, kama kila kitu ninachorusha.

Kazi akaichukua. Aliporudi kibandani alikuja na buti, vijana wakampisha kama mgeni rasmi. Gemu walikuwa wamelianza upya, na lilikuwa limefika pale pale kwa watu wa mipira. Binamu yangu akasimama, akampa kontrola.

"Hapa ni kazini kwako, afande. Tuonyeshe."

Hakuna aliyeniomba nitafsiri. Wote walishajua. Mstari mweupe ukaanza kupungua, mdogo wangu anautazama, kidole kiko juu ya kitufe, hakibonyezi. Ukapungua mpaka ukaisha. Kamanda akafyatua mwenyewe. Watu wakaanguka vilevile.

"Mbona hukubonyeza?" akauliza binamu.

"Nilikuwa nafikiria."

"Ulikuwa unanifikiria mimi, au bunduki?"

Hapo hakucheka mtu. Mdogo wangu akatazama saa, akasema anachelewa zamu. Binamu akaokota gunia lake, akasema hata yeye. Wakatoka, wakasimamisha bodaboda, na kwa kuwa wanaenda sehemu moja, wakapanda moja. Mlinzi mbele, mwizi nyuma, wanagawana nauli!

Nilikimbia peku. Mimi, ambaye hata sokoni naagiza. Nikalishika gunia, nikalivuta.

"Leo huendi!"

"Dada, liache."

"Huendi! Na wewe shuka! Shukeni wote!"

Dereva akatia gia. Nikabaki na gunia mkononi.

"Huko Matongo magunia yapo mengine!" binamu akanipigia kelele, anacheka. Mdogo wangu hakugeuka.

Siku hizi binamu anachechemea, goti halikunji. Anayemnunulia dawa ni mdogo wangu. Wanakaa benchi moja kibandani, wanagombania kontrola. Nikiwauliza nani alipiga, wote wawili wananijibu sawasawa, kama wamefundishwa: palikuwa na giza, tulikuwa wengi. Wakifika pale kwa watu wa mipira wanagonga ukuta, wananiita nikasome.

Siendi. Wasome wenyewe, wanajua pameandikwa nini. Gunia nimelitandika mlangoni, la kufutia miguu, na nikisikia wanacheka kule ndani natoka nalifutia miguu, hata kama sikuwa nimetoka popote.