Chumvi iliyokuwa ikinifuata shambani Pugu

Jamani, leo nusura nimlize mama wa watu!

Nilikuwa Pugu, napima chumvi kwenye udongo wa Mama Zuhura, shamba lililokuwaga la kijiji enzi za ujamaa. Unatembea na mashine mkononi, yenyewe inasoma ardhi.

Kila nilipopita, namba juu!

"Mama, chumvi imezidi. Nyanya hazitakubali hapa."

Nikageuka nimpe pole. Msinicheke. Kumbe muda wote ananisindikiza kwa heshima zote, jembe begani! Na mashine hii ikikaribiwa na chuma inadanganya.

"Samahani mama, naomba jembe tuliweke kule mbali."

Nikarudia kupima. Namba zikashuka shamba zima! Udongo safi! Nikapiga kelele kama nimefunga goli.

Mama akalifuata jembe lake. "Sasa mwanangu, nikusindikize au nilime?"