Kuku wa Patroni na Msumeno Usio na Waya

Kuku alikuwa na ncha ya kidole changu mdomoni, anakimbia nayo kuelekea barabarani, na mimi nyuma yake, mkono wa kushoto juu kama mtu aliyefunga bao, damu inanishuka mpaka kwapani, na ninacheka. Naomba mniamini hapo. Sikulia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana kuku alikuwa anakata kona vizuri kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumuona uwanjani Kamembe.

Nyuma yangu alikuja mzee wa mashine ya randa, mwenzangu wa miaka yote, na fagio mkononi.

"Mukatie njia kwa mabati kule," alikuwa anawaambia watu. "Iko na kidole ya muntu."

Watu wanasimama, wanauliza kidole ya nani, mimi nawaonyesha mkono, wanaruka pembeni. Hakuna aliyemkamata kuku. Walimjua kuku, na walimjua mwenyewe. Patroni wetu alitoka mlangoni mwa atelye, karakana yake ya useremala, akaona damu, akaona kuku, akaona mzee ameinua fagio, na neno la kwanza lililomtoka siku ile ni hili:

"Musimuue. Anataga."

Kuku alikitema kidole kwa fundi wa magurudumu, karibu na beseni lake la maji ya kutafutia matundu. Fundi yule, mtu wa heshima, alikiokota, akakisuuza humo humo, akakifunga ndani ya karatasi ya maandazi na kunikabidhi kwa mikono miwili. "Papa, pole. Njo hii?" Nikasema ndiyo, ndiyo hii, naitambua. Hapo nikacheka tena, naye akaogopa.

Hospitali, daktari alifungua karatasi akaniuliza ncha ile ilipitia wapi. Nikamweleza: diski ya msumeno, vumbi la mbao, mdomo wa kuku, barabara, beseni, mafuta ya maandazi. Aliweka kalamu chini. Akashona mkono, ile ncha akasema tuiache.

Basi nimepona. Wananiambia nishukuru, na ninashukuru. Wakiniona sokoni wanalia kama kuku, hilo nalo limepita, hata mimi nawajibu kwa kutaga. Lililonikaa kooni ni neno moja ambalo Patroni analisema kwa kila mteja anayeuliza: "Alizembea." Tangu nirudi kazini ameniweka kwenye kupiga msasa viti, pamoja na vumbi, na msumeno hataki niuguse. Nina miaka arobaini na tisa. Tangu nijue kushika mbao, jina langu lilikuwa ni mtu mwangalifu. Sina cheti, sina kiwanja Bugarama, shule niliacha mwaka wa tatu wa primeri. Jina hilo ndilo nililokuwa nalo. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokwenda, tuone aliyezembea ni nani.

Useremala nilifundishwa ng'ambo, Uvira, kabla sijarudi huku nyumbani. Aliyenifundisha alikuwa na sheria moja tu. Kabla mkono wako haujakwenda kwenye diski, chomoa plagi, kisha uvae waya shingoni. Usiuache chini, maana mwenzako ataukuta na kuuchomeka akidhani anakusaidia. Uuvae, kila mtu auone unaning'inia kifuani kama tai ya bwana harusi. Sheria hiyo nilivuka nayo mto, na atelye nzima ya Patroni ikaishika. Mteja akiingia akakuta watu watatu wamevaa nyaya shingoni wanafagia mashine, anadhani ni dini.

Na sheria hiyo ilikuwa na likizo yake. Umeme ukikatika, hakuna anayechomoa chochote. Ya nini? Umeme ukiondoka, plagi zetu zote ziko shingoni mwa Mungu. Redio inakata katikati ya neno, randa inalia inashuka, inanyamaza, na hapo hapo kila mtu anaingiza mikono kwenye mashine yake kusafisha, maana Patroni hapendi kuona mtu amekaa. Miaka yote tumefanya hivyo. Mwili wenyewe unajua. Redio ikinyamaza, mkono unakwenda.

Sasa, huo msumeno. Patroni aliununua Bukavu kwa kupitia mama mmoja mfanyabiashara, ambaye huvuka mpaka kila siku ya Mungu. Kitu kikubwa kikivuka kizima kinaleta maneno mengi, kwa hiyo mama yule ana kawaida yake: anakivunja vipande, kila rafiki yake anabeba kimoja. Miguu ya meza yake ilikuja asubuhi na mama wa vitunguu. Mwili wenyewe ulikuja mchana, umefunikwa kitenge, umebebwa kama mgonjwa. Betri na chaja yake vikaja na mama wa maziwa. Tukaunganisha tukiimba. Patroni akatumbukiza betri, akabonyeza, na diski ikazunguka.

Mzee wa randa alizunguka meza mara mbili, akainama chini kuangalia.

"Patroni, waya yake iko wapi?"

"Haina waya, Mzee."

"Sasa umeme inapita wapi?"

"Iko ndani. Iko na betri."

"Kumbe imekuja na chakula yake," mzee akasema. "Kama muntu wa safari."

Patroni akapanda juu ya kigogo ili wote tumsikie. "Kama haina waya, haiwezi kukupiga. Mashine ya kuua batu ni ile ya waya." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na mikono miwili mizima.

Niseme ukweli, nilikuwa kama mtu aliyepata mchumba uzeeni. Nilifika alfajiri kabla ya ufunguo. Mbao ambayo kwa msumeno wa mkono inanimalizia asubuhi, ule ulikuwa unaipasua kabla sijamaliza kukohoa, na mstari umenyooka unaweza kuutandikia shuka. Tuliubeba mpaka uani tukapasulia juani. Tuliubeba kanisani tukapunguza mabenchi pale pale, mchungaji mwenyewe akaomba apasue kipande kimoja, akapasua, akasema sasa anaelewa kwa nini Bwana alichagua kuwa fundi. Nikamwambia mke wangu kuwa nikifa anizike karibu nao. Akaniuliza kama nao utakuja kunipikia.

Na pamoja na kichaa hicho chote, sikuwa mjinga. Nilisimama pembeni ya mbao, si nyuma yake, ili ikirudishwa na diski inipite. Shati la mikono mirefu sikuvaa. Kipande kikibaki chembamba, nilikisukuma kwa kijiti nilichokichonga mwenyewe kwa mti wa parachichi, vidole vyangu viko mbali vinaangalia. Nikizima, nasubiri diski isimame kabisa ndipo nachukua mbao. Mzee wa randa ni shahidi. Alikuwa ananicheka, eti namuamkia msumeno kama mkwe.

Siku ya tatu ikaja pakiti ya mwisho kutoka ng'ambo. Rafiki mmoja wa mama yule alikuwa ameugua tumbo, hakuvuka, sasa amevuka. Tukafungua. Ndani mlikuwa na kifuniko cha plastiki kinachopitisha mwanga, cha kukaa juu ya diski, na kibati chembamba cha kukishikilia kwa nyuma. Mimi nikasema, Patroni, hiki kinakaa pale, angalia tundu zake. Patroni akakigeuza, akautazama msumeno, ambao siku tatu ulikuwa unapasua bila kulalamika.

"Mashine iliwaka bila hiki," akasema. "Kintu kikibakia na mashine imewaka, njo kusema hakikuwa na kazi."

Nani angembishia? Kwetu ndiyo hesabu ya vitu vinavyovuka kwa vipande. Pikipiki zimevuka hivyo, mashine za kusaga mpunga zimevuka hivyo, na kila mara kuna boliti mbili zinabaki, na vyote vinatembea. Kifuniko akakipeleka kwenye meza yake. Tangu siku ile kilikuwa kinafunika chapati zake, vumbi lisiingie. Kinafanya kazi nzuri sana. Chapati za Patroni hazijawahi kuumia.

Na betri. Hapo nataka msikilize. Betri ilikuwa haiguswi na mtu ila yeye. Jioni anaichomoa, anaondoka nayo kwapani kama mtoto mchanga, asubuhi anairudisha. "Mukiitoatoa, kishikio chake kitalegea," alituambia. "Mukono yangu tu." Tukaitika. Mashine ni yake.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imeanza kuchezea mabati. Mzee yuko kwenye randa, redio inaimba, mimi nimezima msumeno, nasubiri ubao mwingine, kijiti kiko mezani. Umeme ukakatika. Redio kimya. Randa ikalia ikashuka. "Imeenda," mzee akasema, na kila mtu akaingiza mikono kwenye mashine yake. Mimi pia.

Kulikuwa na kibanzi kimebana kando ya diski. Niliinama nikitoe kwa vidole. Kitufe cha kuwashia kiko mbele ya meza, usawa wa paja la mtu mrefu na wa tumbo la mtu mfupi. Mimi ni mfupi, na tumbo ninalo. Nikaegemea.

Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti ya mashine mahali ambapo palikuwa hapana umeme, na nilishangaa kweli kweli, kama vile ningemuona maiti amekaa kitako. Kisha nikamuona yule kuku, mmoja wa kuku wa Patroni wanaokuja kutafuta funza kwenye magome, anaokota kitu chini ya meza. Mengine nimeshasema.

Sehemu yangu naijua, nisijifanye mtakatifu. Nilisahau kwamba ule haukuwa kama ndugu zake. Mkono wangu ulikuwa na mazoea ya maisha yangu yote, na mazoea hayaulizi kama mashine ina waya au haina. Waya wa kuvaa shingoni haukuwepo. Na kitu kilichopaswa kuchukua nafasi ya waya, yaani betri, tulikuwa tumekatazwa kukigusa. Mwezi mzima nilipokuwa nyumbani niliwaza: labda na yeye hakujua. Labda alikuwa mjinga kama sisi, na mjinga hadaiwi. Nilitaka kumsamehe, nilishaanza hata kumcheka.

Ndipo mzee wa randa akaja kunitembelea. Aliniletea futi yangu, koti langu, na kitabu kidogo kimechafuka gundi.

"Ya musumeno," akasema. "Patroni alikuwa anafutia mikono. Nikaona heri nikuletee, utaangalia picha."

Picha niliziangalia. Mke wangu ndiye mwenye masomo hapa ndani, alifika sekondari, Kifaransa anakisoma akiwa anageuza ugali. Akakifungua kwenye ukurasa wa nne, akaacha mwiko.

"Baba watoto," akasema, "hapa kumechorwa mstari."

"Umechorwa na nani?"

"Sijui. Ni kwa penseli ya bluu. Mistari miwili."

Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kidole chake chini ya maneno. Kwamba kabla ya kusafisha, kabla ya kubadilisha diski, kabla ya mkono kukaribia, toa betri kwanza. Kwamba mashine isifanye kazi bila kifuniko chake. Chini ya hayo mawili, mstari. Ukurasa mwingine wowote hauna mstari.

Penseli ya bluu katika atelye yetu anayo mtu mmoja. Yetu sisi ni nyekundu, za kupimia. Ya bluu anaweka sikioni, anaandikia bei, hata kulala nadhani analala nayo. Mzee wa randa alipoona mstari ule aliinuka, akavaa kofia, akasema hakuona kitu. Simlaumu. Yeye bado ana randa.

Kwa hiyo, Patroni, hili ni lako, ulisome mwenyewe, ingawa mimi herufi zangu ni chache na hizi nimeandikiwa nusu na mke wangu. Wewe unasoma Kifaransa. Ulisoma, ukachora mstari, ukapanda juu ya kigogo ukatuambia mashine ya kuua ni ile ya waya. Ulichora lini? Kama ulichora kabla, ulikuwa unamchorea nani, na kwa nini betri ilikuwa ya mkono wako tu? Kama ulichora baada, nikiwa hospitali, basi ulikuwa unajua tayari kosa ni la nani, na bado unawaambia wateja nilizembea.

Mwisho wa mwezi, tukimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, mtaa mzima hukaa kwenye nyasi kusikiliza matangazo. Utakuwepo, maana wewe hupenda kusimama mbele. Njoo na penseli yako. Mimi nitakuja na kitabu, nitakifungua ukurasa wa nne, nitakiinua kwa mkono huu huu wa kushoto waone vizuri, na nitakuuliza mbele ya wote nani alichora. Ujibu.