Saa Iliyomnyima Fundi Hatua Zake

Fundi alishonea watu nguo miaka arobaini bila kuitwa mwongo. Akaja kuitwa na saa.

Alikuwa wodini, nyonga imetiwa chuma baada ya kuanguka. Nesi alimvalisha mkononi saa ya mkanda wa mpira, ile inayohesabu hatua za mgonjwa na mapigo ya moyo. Daktari akasema akifikisha hatua mia tano kwa siku, Ijumaa anakwenda kwake. Asipofikisha, anabaki. Na binti yake alishatamka: "Mama, mguu ukigoma, cherehani tumpe mwenye miguu." Cherehani ya kukanyaga! Afadhali wagawe meno yake.

Basi akatembea. Alishika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, akasukuma, akaburuta mguu, kutoka kitandani hadi dirisha la mwisho wa korido na kurudi. Kila safari alifunga fundo kwenye uzi, maana kichwa cha mtu mzima kina matundu.

Alhamisi nesi akatazama simu inayopokea habari za saa. "Bibi, hatua ishirini na tatu tu. Umelala kutwa?"

"Nimelala na nani?" Fundi akamtupia uzi. "Hesabu mafundo hayo, kumi na mawili. Iliyolala ni hiyo saa yako."

"Saa haidanganyi, bibi."

"Na mimi je? Twende wote, macho hayana pazia."

Wakaenda, nesi akihesabu kwa mdomo. Hadi dirishani, hatua thelathini na mbili. Saa haikuongeza hata moja. Nesi akaitazama mikono ya bibi, imeganda kwenye fremu.

"Kumbe! Inahesabu mkono unavyorushwa. Wako haurushwi."

"Nani anatembea kwa mkono? Lete."

Mkanda haukuzunguka kifundo cha mguu. Fundi akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, akaunga kipande cha bendeji, mishono minne, akajifunga saa mguuni.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana: hatua mia sita na kumi. Daktari akatia sahihi. Wagonjwa wawili wenye fremu walishaleta saa zao ziungwe mikanda, na nesi ndiye aliyeshika bendeji.

Binti akaingia. "Mama, mguu unasemaje?"

"Unasema ukaipake mafuta cherehani."